Amplifaya Iliyopigiwa Magoti

Naisimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana hapa Sumbawanga habari hii imeshazunguka sana na kila anayeisimulia ananiongezea ujinga kidogo, wengine wamefika mahali pa kusema nilikuwa nimevaa kofia ya askofu, na mimi kofia sikuvaa (hilo nalitilia mkazo kwa sababu ndilo jambo pekee la siku ile ninaloweza kulikana). Mengine yote ni kweli. Mimi Ambakisye, fundi redio wa Kizwite, mzaliwa wa Tukuyu, Mmoraviani tangu tumboni mwa mama yangu, niliwahi kutembea mchana kweupe nimebeba amplifaya mikononi, na Wakatoliki wa watu wakaipigia magoti njia nzima, na badala ya kushtuka nikawa nawaitikia marahaba. Mpaka leo nikiikumbuka aibu ile nikiwa peke yangu dukani, naweka chini pasi ya kuchomea nyaya na kujifunika uso.

Mkasa wenyewe ulianza na mapenzi. Theresia ni muuguzi, alikuja dukani kwangu na redio ya baba yake iliyokuwa imekufa, nikaitengeneza kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili ili arudi kuulizia, akarudi, akarudi tena, na redio ilipopona tukawa tumeshazoeana kiasi cha mimi kukaribishwa nyumbani kwao. Baba yake ni Mwalimu Kasiano, mstaafu, mtu aliyefundisha kwaya ya parokia tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nilipojieleza kwamba namtaka binti yake, hakusema hapana. Mfipa wa rika lake hakwambii hapana, atakukaribisha ugali wa ulezi, atakusindikiza mpaka barabarani, atakuulizia wazazi wako mmoja mmoja, halafu lile neno lenyewe anabaki nalo. Alisema tu, "Tutaona, kijana," na nikajua kinachomsumbua ni Umoraviani wangu, tena nilisikia kuwa mdogo wake, Baba mdogo Deusi wa kule Mtowisa, alikuwa ameshampata mkulima wa mpunga mwenye ng'ombe na rozari.

Sasa, Mwalimu alikuwa na ugonjwa mmoja, muziki. Padre mmoja mzungu, alipokuwa anarudi kwao uzeeni, alimwachia hedfoni za ajabu na amplifaya yake pamoja na kanda za kwaya alizorekodi yeye mwenyewe. Hedfoni zile si kama hizi mnazochomeka kwenye simu. Ndani hazina sumaku, zina utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, umewambwa katikati ya vibati viwili vyenye matundu, na kinachouchezesha ule utando ni umeme mkali, volti mia tano na ushee, kwa hiyo bila amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili yake ni pambo tu la kichwani. Na amplifaya ya padre ilikuwa imeungua siku moja umeme uliporudi kwa kishindo. Nilijaribu kujipendekeza kwa kumpelekea hedfoni nzuri za dukani, akazivaa, akasikiliza kidogo, akazivua taratibu kama mtu anayemrudishia mgeni kikombe kichafu, akasema, "Ahsante, kijana, lakini hawa wanaimba wakiwa ndani ya debe."

Bila muziki wake mzee akawa hashikiki. Mama Theresia alinivuta jikoni siku moja, akanena kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu baba siku hizi anasahihisha hata ninavyosonga ugali, ananiambia naharakisha. Mimi dini yako siijui vizuri, lakini ukimrudishia muziki wake nitakuombea kwa watakatifu wote, hata wale msiowataka ninyi." Nikamwambia, mama, nitamtengenezea amplifaya mpya. Mwalimu aliposikia akatamka maneno yaliyonikosesha usingizi: "Ukinisikilizisha kwaya yangu tena, tufanye siku ya sikukuu ya Ekaristi. Ndugu zangu wa Muze na Mtowisa watakuwepo kwa chakula. Tutalizungumza lile jambo lako mbele yao." Mnaelewa? Ikiimba, napata mke. Ikikataa, mpunga na ng'ombe.

Nikaanza kazi. Nilizunguka mji mzima nikiokota TV za kichogo zilizotupwa, maana ndani yake kuna kapasita zinazovumilia umeme mkali, nikapata valvu za kioo kwenye redio ya kale ya mzee mmoja huko Muze, transfoma nikaisuka kwa mikono yangu uzi kwa uzi, nikakosea, nikafumua, nikasuka upya. Kwa kuwa sikio la kushoto la Mwalimu ni zito kuliko la kulia, niliweka vifundo viwili vya sauti, kila sikio na chake, jambo ambalo hata amplifaya ya padre haikuwa nalo. Seremala akanichongea kisanduku cha mninga chenye milango miwili midogo mbele, ya kufungua na kufunga, na mimi nikaweka kitaa chekundu ambacho kinabaki kikiwaka hata ukichomoa waya, kukuonya kwamba umeme bado umelala ndani na usiingize kidole mpaka kizimike chenyewe. Nilikitazama kile kisanduku nikakiona kizuri mno. (Mkatoliki yeyote angenieleza papo hapo kimefanana na nini, lakini dukani kwangu siku hizo tulikuwa Wamoraviani watupu.)

Jumamosi Theresia akanipigia simu. "Kesho asubuhi sisi wote tuko kwenye maandamano," alisema, "baba ndiye anayeongoza kwaya. Wewe njoo saa nane, tutakuwa tumesharudi. Usije kabla." Nikasema sawa mpenzi, saa nane. Na hapa ndipo nilipoharibu, kwa uamuzi mdogo ambao ukiusikia hauna ubaya wowote: niliamua kuwahi. Valvu zinataka kupashwa moto kwanza, na hedfoni zile huimba vizuri zaidi zikishakaa na umeme kwa muda, kwa hiyo nikajiwazia kwamba nikifika wakiwa hawapo, jirani anifungulie, Mwalimu akirudi aikute imewaka inamsubiri, avae tu. Niliona hiyo ni akili. Kumbe ni kiherehere.

Kwa sababu ya kuwahi, sikusubiri kitaa kizimike. Nilikuwa nimeijaribu mpaka dakika ya mwisho, nikachomoa waya, kitaa kikabaki chekundu, nikasema potelea mbali, nitaibeba hivyo hivyo ila hakuna mtu atakayeigusa. Pikipiki sikuitaka, mashimo yale yangeniulia valvu. Nikaamua kuibeba mikononi, kifuani, nikitembea polepole huku macho hayatoki kwenye kisanduku, na ukweli ni kwamba nilikuwa na uso wa huzuni kwa sababu nilikuwa naogopa. Vumbi ndilo adui mkubwa wa hedfoni za aina ile, chembe moja ikiingia kwenye utando zinaanza kulia kama mbu, na mnaujua upepo wetu wa mwezi wa sita, baridi unayo na vumbi unalo, basi hedfoni za Mwalimu, alizoniachia za kujaribia, nikaziweka juu ya kisanduku, nikafunika vyote kwa kitambaa cha kochi cha mama mwenye nyumba wangu, cheupe, chenye maua ya uzi wa dhahabu pembeni. Nami nikavaa koti langu refu jeupe la ufundi, lile nililoshonesha ili nionekane mtaalamu.

Rafiki yangu Gwamaka, muuza mitumba, naye wa Tukuyu, alikubali kunisindikiza. Mkono mmoja alisukuma baiskeli yenye sanduku la vifaa vyangu, mkono wa pili alinishikia ule mwavuli wake mkubwa wa njano wa sokoni, akiuinamisha juu ya kisanduku kuzuia vumbi, na kila tulipokaribia watu alipiga kengele ya baiskeli ili watupishe. Niwaombe sasa mjumlishe wenyewe: koti jeupe, kisanduku chenye vilango kama kile cha altareni wanamohifadhia Ekaristi, kitambaa cheupe chenye dhahabu, taa nyekundu inang'aa kwa chini, mwavuli juu, kengele mbele, na siku ni ya sikukuu ya Ekaristi, ambapo Sakramenti inatembezwa barabarani na watu wanatoka majumbani kuisubiri wakiwa na maua. Mimi nilichojua kuhusu sikukuu hiyo ni kwamba kutakuwa na pilau.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja aliyesimama kwenye geti lililopambwa kwa maua. Alituona, akaweka fimbo yake chini, akapiga magoti kwa shida kwelikweli, akainamisha kichwa, akafanya ishara ya msalaba, midomo ikimchezacheza. "Shikamoo bibi," nikasema. Hakuitikia. Nikamwonea huruma, nikadhani masikio yameshachoka, tukapita. Ishara ya msalaba haikunishtua, maana hawa wenzetu hata wakitaka kula ndizi wanaifanya.

"Umeona heshima hiyo?" akauliza Gwamaka.

"Wafipa wana adabu, ndugu yangu," nikamjibu, na nilisema hivyo kwa dhati kwa sababu nimeishi nao, nimeona mama anavyompigia mgeni magoti na wazee wanavyopigiana makofi ya salamu hadi wewe mgeni unaona haya.

Akaja baba mmoja na baiskeli ya gunia la ulezi, akailaza baiskeli barabarani, ulezi ukamwagika kidogo, naye akapiga magoti palepale vumbini. Gwamaka akasema, "Hapana Amba, hii imezidi adabu. Hawa wameshasikia kwamba wewe ni mkwe wa Mwalimu." Na mimi, jamani, nikaamini! Niliona ni haki kabisa. Nikawaza, kumbe Mwalimu ameshasema kwa watu, kumbe lile "tutaona" lilikuwa danadana tu za wazee, na moyo ukanijaa. Watoto wakapiga magoti mstari mzima, nikawaitikia, "Marahaba, marahaba wanangu." Akapiga magoti mzee mwenye koti la baridi, kofia kaivua, umri wa baba yangu mzazi, na mimi kwa mazoea ya ulimi nikamwitikia, "Marahaba, mzee, inuka tu." Hiyo ndiyo inayonichoma kuliko zote. Mzee wa watu!

Baadaye nikasikia wimbo nyuma. Nilipogeuka kidogo (kidogo tu, kwa sababu ya valvu) nikaona kina mama wanatufuata, wengine na mishumaa, wanaimba kwa sauti mbili, na watoto wamekuja mbele wanarusha maua njiani. Mama mmoja akavua kanga yake ya mabegani akaitandika chini ili nipite juu yake. Nikasita, lakini nilishaambiwa kwamba ukiukataa ukarimu wa watu hawa umewatukana, nikakanyaga, nikasema, "Jamani, mnajisumbua bure, mimi ni fundi tu." Wakaimba kwa nguvu zaidi. Kijana mmoja akasogea anyooshe mkono kwenye kitambaa, labda alitaka kugusa tu apate baraka, nami nikakumbuka volti zangu nikafoka, "Usiguse! Ukigusa unakufa!" Umati mzima ukarudi nyuma na kuinama, mama mmoja akaanza kulia. Nikamnong'oneza Gwamaka kwamba watu hawa wanauheshimu sana umeme.

Tulikuwa tumeshakuwa watu wengi tulipofika kwenye njia panda inayopanda kuelekea kanisani. Gwamaka akapiga kengele. Na kutoka upande wa pili, jamani, kengele nyingine ikajibu.

Yakatokea maandamano yenyewe. Mbele watoto wa altare na ubani, nyuma yao wanaume wanne wamebeba kitambaa kikubwa chenye nguzo, na chini yake Paroko mwenyewe, mikono imefunikwa kwa joho la dhahabu, ameinua monstransi, kile chombo kinachong'aa cha kubebea Ekaristi, usawa wa uso. Tukasimama sisi, wakasimama wao. Paroko akanitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na nikaona kwamba mwenzangu amefunikwa kwa juu kama mimi, ana vazi refu jeupe kama mimi, amebeba kwa namna ninayobeba mimi, na hapo nikaanza kuelewa nilichokifanya. Pembeni ya Paroko ilikuwa kwaya. Mbele ya kwaya alikuwa Mwalimu Kasiano, mkono umebaki hewani.

Katekista akanijia mbiombio. Kwanza alipiga goti, kwa tahadhari, halafu akaninong'oneza, "Padre gani amekutuma?"

"Sijatumwa na padre," nikasema. "Ni ya Mwalimu."

"Ni nini hiki?"

"Amplifaya."

Hakuelewa, ikabidi nirudie, na niliporudia sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka kwa sababu kila mtu alikuwa kimya. Neno likaanza kusafiri kuelekea nyuma, mtu kwa mtu. Amplifaya. Amplini? Redio! Ni redio, kabeba redio. Kutoka nyuma kabisa nikasikia sauti ya yule bibi wa kwanza, ambaye kumbe alitufuata na fimbo yake njia yote: "Mungu wangu! Na mimi nimeiomba iniponye mguu!" Hapo wengine wakaangua kicheko na wengine wakakasirika, vijana wawili watatu wakaanza kukunja mikono ya mashati, na katekista, mtu mpole siku zote, akapandwa na hasira, akauliza, "Nani aliyepanga mchezo huu? Huyu wa mwavuli?"

 Nilimwona Gwamaka anatafuta pa kukimbilia na hakuna. Sijui nguvu nilitoa wapi, nikasema, "Hapana. Huyu nimemwomba tu anisaidie. Hakuna mchezo, ni ujinga, na ujinga ni wangu mimi." Nikageukia umati niombe radhi, nikajikuta nasema, "Samahanini sana, nilidhani mnanisalimia." Kicheko kilichofuata hapo sitakieleza.

Paroko hakusema neno, kwa sababu aliyebeba Sakramenti hasimami kubishana na mafundi. Alitikisa kichwa kidogo tu, kengele yao ikalia, maandamano yakaanza kusogea, na watu wote waliokuwa wananifuata mimi wakavuka upande wa pili, mmoja mmoja, bila kunitazama, yule mama akaokota na kanga yake akaikung'uta. Nikabaki na Gwamaka katikati ya njia. Sikujua nifanye nini, kwa hiyo nikafanya walichofanya wengine wote: nikapiga magoti vumbini, volti zangu mikononi, Sakramenti ya kweli ikinipita. Mwalimu Kasiano alipita hatua mbili kutoka nilipo. Hakunitazama. Alishusha mkono na kwaya ikaanza kuimba, na nilijua kwa namna alivyoushusha kwamba mke sina tena.

Ndipo nikasikia mtu anapiga magoti kando yangu. Alikuwa Theresia, ametoka kwenye mstari wa kwaya na joho lake. Aliinamisha kichwa kama anasali, akaninong'oneza, "Nilikwambia saa nane." Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda dakika ile.

Nyumbani kwao tulifika saa nane, habari ikiwa imeshatutangulia. Mama Theresia aliponiona mlangoni alishika fremu, akacheka mpaka akakaa chini kizingitini, kisha akanipangusa vumbi la magotini kwa kanga yake. Lakini Baba mdogo Deusi hakucheka. Alikuwa amekaa sebuleni na makoti mawili, maana mtu wa Mtowisa akipanda huku juu kwetu anaganda, akaniuliza mbele ya ndugu wote, "Ndiye wewe uliyejitangaza Sakramenti?" Nikasema shikamoo baba. Hakuitikia. Akawageukia wenzake: "Tusipoteze muda. Mtu huyu hata akitutania anatutania vibaya."

Mwalimu alichelewa, alikuwa kwa Paroko. Alipoingia chakula kilikuwa kimeshapoa kwa sababu hakuna aliyethubutu kula. Hakusalimia, akauliza tu, "Iko wapi?" Nikaichomeka, nikakosa tundu mara ya kwanza. Valvu zikaanza kuiva rangi taratibu. Nikamwekea kanda mojawapo ya padre kwenye rekoda yake, nikarekebisha kifundo cha sikio la kushoto, nikamvisha hedfoni mwenyewe, na yeye akafumba macho.

 Hedfoni zile ziko wazi pande zote, kwa hiyo na sisi tulikuwa tunaisikia kwaya, mbali, kama iko nyumba ya tatu. Vidole vya Mwalimu vikaanza kuongoza juu ya goti. Nikapumua. Mara vidole vikasimama. Akarudisha kanda nyuma, akasikiliza tena, vikasimama palepale. Akarudisha tena. Nikajua basi, kuna kasoro, kuna waya nimeuchoma vibaya, na Baba mdogo Deusi akaanza kutafuta viatu vyake.

"Mama Theresia," Mwalimu akaita. "Njoo."

Mama akaja akifuta mikono. Mwalimu akavua hedfoni akamvisha yeye, akampigia kipande kilekile. Mama alisikiliza, kisha akamtazama mumewe.

"Ni mimi," Mwalimu akasema. "Siku zote nilidhani ni wewe uliyeingia kabla ya wakati siku ile ya kurekodi. Leo sikio la kushoto limesikia, kumbe ni sauti yangu."

"Najua," Mama akasema.

"Ulijua?"

"Si nilikuwa nimesimama kando yako?"

"Nikakufokea mbele ya kwaya nzima. Ukaacha kuimba. Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mwalimu," Mama akajibu, na akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. Mwalimu akamshika mkono mbele ya ndugu zake wote, jambo ambalo Theresia aliniambia baadaye hajawahi kuliona tangu azaliwe. Na mimi pale pembeni na bisibisi yangu nikalia kama mtoto, siwafichi.

Baba mdogo Deusi akakohoa. "Sawa, kaka, redio inaimba. Na hili la leo? Na hili la dini?"

 Mwalimu aliketi. "Deusi," akasema, "mimi nilikosea mbele ya watu, nikamtwika mke wangu kosa, na nikalala usingizi mzuri. Huyu leo amekosea mbele ya mji mzima, akaulizwa kama ni yule mwenzake, akasema ni mimi. Nilikuwepo, nilisikia. Kuhusu dini, Paroko amesema aende wakazungumze, tena aende na vifaa, spika za kanisani zinakoroma. Na amesema jambo jingine, kwamba katekista anahangaika kila Jumapili kuwafundisha watu kupiga magoti vizuri, na Mmoraviani mmoja amewapigisha magoti kutoka Kizwite bila kufungua kinywa."

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko, hata Baba mdogo Deusi akaficha mdomo kwenye kola ya koti lake la juu. Mimi sikucheka kwa sababu bado nilikuwa nasubiri. Mwalimu akaninyooshea kidole.

"Lakini wewe, kijana, nakupa sharti moja," akasema. "Siku ya harusi yako utaingia kanisani mikono mitupu. Hata ua usishike."

Nikaingia mikono mitupu, na Theresia akaishika yote miwili. Amplifaya nazitengeneza bado, ila nimeapa: ikitoka dukani kwangu inatoka ndani ya gunia la mkaa, kichwa chini, juu ya toroli, mchana wa siku ya kazi. Na mtu akinipigia goti njiani, hata awe mtoto mdogo, sifungui mdomo mpaka nimegeuka kuangalia nyuma yangu anapita nani.